Baada ya risasi: jinsi filamu zinavyosimulia yaliyofuata kuuawa kwa Lumumba

Usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, alipigwa risasi porini katika jimbo la Katanga pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mauaji yenyewe yalichukua muda mfupi. Yaliyofuata, yaani kuficha miili, kutunga uongo na kuutangaza, kisha ukweli kuvuja kidogo kidogo, yalichukua miaka mingi.

Kipindi hicho cha baada ya risasi ndicho mwongozaji wa filamu Raoul Peck alichokifanya kuwa mlango wa kuingilia katika filamu yake "Lumumba" ya mwaka 2000. Makala hii inaeleza kilichotokea kwa mujibu wa kumbukumbu, jinsi filamu ilivyokigeuza kuwa maigizo, na kwa nini waongozaji wengine walioshughulikia mauaji ya viongozi nao walivutwa zaidi na siku za baadaye kuliko na risasi zenyewe. Baadhi ya maelezo yanatisha. Kama unawasomea watoto, pitia kwanza mwenyewe.

Kumbukumbu zinasema nini

Lumumba alikuwa waziri mkuu tangu siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 5 Septemba mwaka huo Rais Joseph Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza kazi. Lumumba akaenda redioni usiku uleule kujibu kwamba rais ndiye asiye na kazi tena. Kesho yake maafisa wa Umoja wa Mataifa wakaifunga redio hiyo, na Lumumba akapoteza chombo kilichomfikisha kwa watu haraka kuliko kingine chochote. Sisi wa redio hatuwezi kuipita sehemu hii bila kuitaja.

Tarehe 14 Septemba Kanali Joseph Mobutu aliingilia kati na kuchukua madaraka. Lumumba akabaki amezingirwa nyumbani kwake mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwishoni mwa Novemba alitoroka kuelekea Stanleyville, sasa Kisangani, waliko wafuasi wake wengi. Alikamatwa mwanzoni mwa Desemba katika eneo la mto Sankuru, akafungwa katika kambi ya jeshi ya Thysville, mji ambao sasa unaitwa Mbanza-Ngungu.

Tarehe 17 Januari yeye, Mpolo na Okito walipandishwa ndege na kupelekwa Élisabethville, yaani Lubumbashi. Huo ulikuwa mji mkuu wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitangazia kujitenga chini ya Moïse Tshombe, likitegemea maafisa wa Kibelgiji na fedha za kampuni ya madini ya Union Minière. Walipigwa ndani ya ndege, na wakapigwa tena baada ya kufika. Usiku walichukuliwa kwa magari hadi mahali palipo kilomita zipatazo 50 kutoka mjini, wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Viongozi wa Katanga na maafisa wa Kibelgiji walikuwapo. Miili ilifukiwa papo hapo.

Hapo ndipo kazi ya pili ilipoanza. Miili ilifukuliwa, ikapelekwa mbali zaidi na kuzikwa tena. Hata hilo halikuwaridhisha wahusika, kwa sababu kaburi likijulikana huwa mahali pa watu kukusanyika. Kabla ya mwezi Januari kwisha, Gérard Soete, Mbelgiji aliyekuwa afisa katika polisi ya Katanga, alitumwa pamoja na msaidizi kuiondoa kabisa. Walitumia msumeno, tindikali ya salfa na moto. Tindikali haikutosha, kwa hiyo sehemu nyingine ya miili ikachomwa. Soete akabaki na meno.

Kijiji kisicho na jina

Kwa takriban wiki tatu Katanga haikusema lolote la maana. Tarehe 10 Februari ilitangazwa kwamba wafungwa hao watatu wametoroka. Tarehe 13 Februari Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, aliwaita waandishi wa habari na kuwaambia kwamba Lumumba na wenzake wameuawa na wanakijiji waliowatambua njiani. Alikataa kukitaja kijiji, alikataa kuonyesha kaburi, na alisema wanakijiji hao watalipwa zawadi. Wanaodai kwamba serikali yake ndiyo iliyoua, aliwataka walete ushahidi.

Inafaa kuutazama uongo huo kwa utulivu, kwa sababu ulipangwa kwa akili. Lawama ilitupiwa wakulima. Kwa kuwa hawakutajwa jina wala mahali, hakuna mwandishi aliyeweza kwenda kuwauliza, na hakuna mwanakijiji aliyeweza kusimama na kusema, "Si sisi." Ushahidi ambao Munongo aliwadai wengine ulikuwa umeshayeyushwa siku nyingi kabla.

Dunia haikuamini. Kulikuwa na maandamano katika miji mingi, na tarehe 15 Februari waandamanaji waliingia hadi ndani ya ukumbi wa Baraza la Usalama mjini New York. Mwandishi Maya Angelou na mwimbaji Abbey Lincoln walikuwa miongoni mwao. Mjini Léopoldville mjane wa Lumumba, Pauline Opango, alitembea barabarani kifua wazi, kama mila ya maombolezo inavyomtaka mwanamke aliyefiwa, akidai apewe mwili wa mumewe. Hakupewa. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyochunguza kifo hicho iliripoti mwaka huohuo wa 1961 kwamba hadithi ya wanakijiji haikubaliki, na kwamba dalili zote zinaonyesha wafungwa waliuawa tarehe 17 Januari. Hata hivyo ripoti hiyo haikumpeleka mtu mahakamani.

Ukweli uliochukua karibu miaka 40

Mwaka 1999 mtafiti wa Kibelgiji Ludo De Witte alichapisha kitabu kilichotumia nyaraka za serikali ya Ubelgiji kuonyesha jinsi maafisa wa nchi hiyo walivyohusika. Wakati huohuo Soete, akiwa mzee, alizungumza mbele ya kamera kuhusu alichofanya, na akaonyesha meno aliyoyahifadhi. Alifariki mwaka 2000.

Bunge la Ubelgiji liliunda tume ya uchunguzi. Ripoti yake ilitoka Novemba 2001 na kusema kwamba baadhi ya mawaziri na maafisa wa Ubelgiji wa wakati huo wanabeba dhamana ya kimaadili kwa mazingira yaliyosababisha kifo hicho. Maneno "dhamana ya kimaadili" yalichaguliwa kwa uangalifu, na wengi nchini Kongo waliyaona kuwa njia ya kukiri bila kukiri. Februari 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi.

Ukilinganisha tarehe hizi utaona kwamba filamu ya Peck iliingia katikati kabisa. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Cannes, Ufaransa, Mei 2000, baada ya kitabu cha De Witte na kabla tume ya bunge haijamaliza kazi yake. Mtazamaji wa Brussels aliyeiona mwaka huo alikuwa akitazama tukio ambalo serikali yake ilikuwa bado haijalikiri.

Peck na njia yake

Raoul Peck alizaliwa Haiti mwaka 1953. Familia yake iliikimbia serikali ya François Duvalier na kuhamia Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1960, baba yake akiwa miongoni mwa wasomi wa Haiti walioajiriwa huko baada ya Wabelgiji wengi kuondoka. Kwa hiyo Peck alikulia Kinshasa akisikia jina la Lumumba kwa wakubwa.

Alianza na dokumentari, "Lumumba, kifo cha nabii", iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo Mobutu alikuwa bado anatawala, na Peck hakufanikiwa kwenda kupiga picha Zaire. Akatumia mitaa ya Brussels, picha za zamani, na sauti yake mwenyewe akisimulia aliyohadithiwa na mama yake. Ni filamu tulivu sana, na sehemu kubwa yake ni picha za mahali ambapo mtu aliyetafutwa hayupo.

Filamu ya maigizo ilikuja miaka kama kumi baadaye. Lumumba anaigizwa na Eriq Ebouaney, mwigizaji wa Ufaransa mwenye asili ya Kameruni, na Mobutu anaigizwa na Alex Descas. Kongo ilikuwa vitani, kwa hiyo picha zilipigwa Zimbabwe na Msumbiji, pamoja na Ubelgiji. Unapoona barabara za Léopoldville katika filamu, mara nyingi unatazama Beira. Wahusika wanazungumza Kifaransa, ingawa Lubumbashi, mji ambako mambo hayo yalifanyika, ni mji wa Kiswahili.

Filamu inaanza na mwisho. Mapema kabisa tunaona gari usiku, kisha wazungu wawili wanaofanya kazi ya kukata na kuchoma. Hakuna kilio, na hakuna muziki mkubwa wa kututangulizia huzuni. Wanafanya kama watu waliopewa kibarua kibaya na wanaotaka kukimaliza. Mtazamaji anayajua mauaji kabla hajamjua mtu aliyeuawa. Kisha sauti ya Lumumba, marehemu, inaanza kusimulia maisha yake, na filamu inarudi nyuma kwenye miaka ya ujana wake.

Uamuzi huo una faida mbili. Ya kwanza, unaondoa swali la kama atakufa au la. Kila mtu anajua alikufa, na kuficha jambo linalojulikana kungekuwa mchezo. Ya pili, na kwa maoni yetu hii ndiyo yenye uzito, unamrudishia sauti mtu ambaye wauaji walitaka asibaki hata na kaburi. Soete na msaidizi wake walifanya kazi ili kusibaki chochote. Filamu inawaonyesha wakiifanya, na yule wanayemteketeza ndiye anayetueleza habari.

Mwishoni Peck anafanya jambo lingine. Anatuonyesha Mobutu, sasa mtawala, katika sherehe ya kumtukuza Lumumba, huku mauaji yakionyeshwa sambamba. Hilo lina msingi katika historia: mwaka 1966 Mobutu alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa, miaka mitano tu baada ya wanajeshi wake kumkabidhi kwa Katanga. Hapa filamu haikuhitaji kutunga, ilihitaji tu kuyaweka mambo mawili karibu karibu.

Kuna lililopunguzwa pia. Katika filamu moto ndio unaoshika macho, wakati maelezo ya Soete yanaipa tindikali nafasi kubwa. Moto unaonekana usiku na tindikali haionekani; hiyo ni sababu ya kamera, si ya historia. Mjane Pauline yupo katika hadithi kama mke, lakini filamu haikujengwa juu ya matembezi yake ya maombolezo. Tunaona hilo kuwa pengo. Katika siku zile ambazo wanaume wenye bunduki na vyeo walikuwa wakificha na kukanusha, mtu aliyetoka hadharani kuuliza mwili uko wapi alikuwa yeye.

Jina lililofunikwa kwa mlio

Filamu inayotaja watu waliohusika na mauaji hukutana na wanasheria. Katika "Lumumba" kuna mkutano ambamo maafisa, akiwamo Mmarekani anayeitwa Carlucci, wanazungumzia hatima ya waziri mkuu. Frank Carlucci wa kweli alikuwa mwanadiplomasia kijana katika ubalozi wa Marekani mjini Léopoldville wakati huo, na baadaye akawa waziri wa ulinzi wa Marekani. Alikana kabisa kushiriki katika jambo kama hilo.

Filamu ilipoonyeshwa na televisheni ya HBO ya Marekani mwaka 2002, jina lake lilifunikwa kwa mlio na likaondolewa pia katika orodha ya wahusika. Ukikutana na nakala yenye mlio mahali hapo, simu yako haina hitilafu.

Kuhusu Marekani yenyewe, kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church iliripoti mwaka 1975 kwamba shirika la ujasusi la CIA lilipanga kumuua Lumumba kwa sumu, na kwamba sumu ilipelekwa hadi Kongo. Kamati haikupata ushahidi kwamba CIA ndiyo iliyotekeleza mauaji ya Katanga. Mkutano unaoonekana katika filamu ni maigizo, bali njama ya sumu imeandikwa katika ripoti rasmi. Mtu anaweza kutazama filamu nzima bila kujua lipi ni lipi.

Wengine walivyofanya

Kabla ya Peck, Mwitaliano Valerio Zurlini alitengeneza mwaka 1968 filamu kuhusu kiongozi Mwafrika anayefanana na Lumumba, akampa jina jingine na kumwonyesha kama Yesu anayeteswa. Mwigizaji mkuu alikuwa Mmarekani Woody Strode. Ni filamu ya mateso zaidi kuliko ya siasa, na Kongo haipo sana ndani yake.

Filamu iliyoonyesha jinsi siku za baada ya mauaji zinavyoweza kubeba hadithi nzima ni "Z" ya Costa-Gavras, ya mwaka 1969. Inatokana na kuuawa kwa Grigoris Lambrakis, daktari na mbunge wa Ugiriki aliyepigana na silaha za nyuklia. Tarehe 22 Mei 1963, akitoka kwenye mkutano mjini Thessaloniki, alipigwa rungu kichwani na mtu aliyekuwa juu ya gari dogo la magurudumu matatu. Alifariki siku tano baadaye. Polisi walikuwapo kwa wingi na hawakuzuia. Wakubwa wakasema ni ajali ya barabarani.

Katika filamu mbunge anashambuliwa mapema. Sehemu kubwa inayobaki ni ya hakimu mpelelezi anayeuliza maswali yaleyale, kwa sauti ileile, kwa wachuuzi, madereva, na hatimaye majenerali. Kila shahidi anamvua afisa mmoja kofia. Hakimu wa kweli aliitwa Christos Sartzetakis. Utawala wa kijeshi ulioingia Ugiriki mwaka 1967 ulimfunga jela. Baada ya demokrasia kurudi alipanda hadi kuwa rais wa nchi, kuanzia 1985 hadi 1990. Hilo halimo katika filamu kwa sababu lilikuwa bado halijatokea.

Costa-Gavras hangeweza kupiga picha Ugiriki chini ya wanajeshi. Algeria ndiyo iliyomfungulia milango, na mji wa Algiers ukawa Thessaloniki. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni kwa jina la Algeria. Mwanzoni mwake kuna tangazo linalopindua lile tulilozoea: badala ya kusema kwamba kufanana na watu halisi ni bahati mbaya, inasema ni kwa makusudi.

Nchini Marekani, kifo cha Rais John Kennedy tarehe 22 Novemba 1963 kimezaa filamu mbili zinazofaa kuwekwa kando ya hizi. "Jackie" ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Pablo Larraín wa Chile, inakaa na mjane katika siku chache tu: nguo ya waridi yenye damu ambayo hakukubali kuibadilisha, mipango ya mazishi, na mazungumzo na mwandishi wa habari. Ndani yake mjane anapigania jinsi mumewe atakavyokumbukwa, na yeye mwenyewe si mkweli kila mara.

"JFK" ya Oliver Stone, ya mwaka 1991, ni jambo jingine kabisa, na inahitaji tahadhari. Inamfuata mwendesha mashtaka wa New Orleans, Jim Garrison, aliyemshtaki mfanyabiashara Clay Shaw kwa njama ya kumuua rais. Katika kesi ya kweli, mwaka 1969, baraza la wazee wa mahakama lilimwona Shaw hana hatia kwa muda mfupi sana. Stone alichanganya mkanda halisi wa sekunde 26 uliopigwa na raia aliyesimama barabarani na picha mpya zilizofanywa zionekane za zamani. Macho hayatofautishi. Mamilioni ya watu walitoka wakiamini wameona ushahidi, kumbe wameona maigizo. Hata hivyo kelele zilizoletwa na filamu hiyo zilichangia Bunge la Marekani kupitisha sheria mwaka 1992 ya kukusanya na kufungua nyaraka za mauaji hayo. Kwa hiyo filamu yenye makosa mengi ilisaidia kufungua makabati yenye ukweli. Jambo hilo haliisafishi, lakini lazima lisemwe.

Picha za ukutani Lubumbashi

Miaka mingi kabla ya Peck, watu wa Katanga walikuwa tayari na maigizo yao ya kifo cha Lumumba, ila hayakuwa ya sinema. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi na miji ya migodini walichora matukio ya historia kwenye turubai na kuyauza kwa bei ndogo, nayo yakatundikwa sebuleni. Aliyejulikana zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu. Alichora mfululizo wa picha takriban 100 za historia ya Kongo kwa ajili ya mtafiti Johannes Fabian, na akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga.

Katika picha yake ya kifo, Lumumba na wenzake wawili wamelala chini, na nyuma yao kuna misalaba mitatu. Tshibumba hakuwapo porini usiku ule, kama Peck naye hakuwapo. Alichora kama mtu anayetoa hukumu. Tofauti ni kwamba alichora chini ya utawala wa Mobutu, mahali palepale, kwa majirani waliojua ni nani alikuwa nani. Kwa msomaji wa Kiswahili, maelezo yake yana jambo ambalo filamu zote tulizozitaja hazina: habari ya kifo hicho ikisimuliwa kwa lugha ya mji ulioshuhudia.

Ukizitazama kwa simu au kibandani

Wengi wetu vijijini tumezitazama filamu za nje katika vibanda vya video, vile ambavyo Tanzania vinaitwa vibanda umiza, vikiwa na msimulizi anayetafsiri juu ya sauti za waigizaji. Msimulizi mzuri huongeza chumvi, huwapa wahusika majina ya mtaani, na wakati mwingine hubadilisha maana. Katika filamu ya ngumi hakuna hasara. Katika filamu ya mauaji ya kiongozi wa kweli, hiyo ni tafsiri juu ya maigizo juu ya kumbukumbu, na kila tabaka lina mkono wake.

Kinachosaidia ni kujiuliza ni nani angeweza kusikia maneno yanayosemwa. Hotuba ya Lumumba ya siku ya uhuru ilisikika hadharani mbele ya mfalme wa Ubelgiji na ikarekodiwa, kwa hiyo inaweza kupimwa. Mazungumzo ya watu wawili nyuma ya mlango uliofungwa, ambao wote walikufa bila kuandika, yametungwa na mwandishi wa filamu, hata kama yanaelekea kuwa kweli. Tarehe na mahali huwa rahisi kuhakikisha. Muda ndio hudanganya zaidi: filamu ya saa mbili hubana miezi saba, na mambo yaliyopishana kwa wiki huonekana ya siku moja.

Na kama una bando la filamu moja tu, baadhi yetu hapa tungechagua dokumentari ya Johan Grimonprez, Mbelgiji, ya mwaka 2024, inayohusu kuangushwa kwa Lumumba na wanamuziki wa jazi ambao Marekani iliwatuma Afrika wakati huohuo. Haina waigizaji. Ni ndefu, ina maandishi mengi ya kusoma kwenye skrini ndogo, lakini maandamano ya Februari 1961 yamo kwa picha halisi.

Jino

Mwaka 2016 mamlaka za Ubelgiji zilichukua jino moja kutoka kwa familia ya Soete. Mwaka 2020 binti wa marehemu, Juliana Lumumba, alimwandikia mfalme wa Ubelgiji akiomba mabaki ya baba yake yarudishwe. Tarehe 20 Juni 2022 jino hilo lilikabidhiwa kwa familia mjini Brussels, likiwa ndani ya kisanduku. Likawekwa katika jeneza la ukubwa wa mtu mzima na kusafirishwa Kongo. Lilipitishwa Sankuru alikozaliwa, Kisangani, na Katanga hadi mahali alipouawa, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022, siku ya uhuru.

Kesi iliyofunguliwa na watoto wa Lumumba mjini Brussels mwaka 2011 iliwataja Wabelgiji kumi. Juni 2025, mwendesha mashtaka wa Ubelgiji alipoomba mwanadiplomasia mmoja wa zamani afikishwe mahakamani, huyo ndiye pekee kati ya hao kumi aliyekuwa bado hai, akiwa na umri wa miaka 92. Alikana mashtaka.

Mpolo na Okito, waliouawa usiku uleule na kutendewa vilevile, hawana mabaki yoyote yaliyorudishwa kwa familia zao.